Hiki Ni Nini, Mejumaa?

Siku ya tatu ya matanga ya Bi. Rukia, nyumbani kwake Ukunda, wanawake waligawana kazi za jikoni na mimi nikapewa makopo. Yalikuwa kumi na mawili, yote ya maziwa ya unga, makubwa kwa madogo, yamepangwa juu ya ubao ule ule nilioujua nikiwa msichana. Kila kopo lilikuwa limefungwa uzi shingoni, na kila uzi ulikuwa na mafundo yake. Mpwa wake, Mwanaidi, alikuja na beseni la maji ya sabuni. "Shangazi Mejumaa," aliniambia, "haya yana mafuta kweli kweli. Tuzikate hizi nyuzi kwanza, ndipo tuyaoshe?" Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaweka kopo moja mapajani, na wakati huo ukumbini walikuwa wakisoma Yasini, nami sikuwa ukumbini wala jikoni. Nilikuwa hotelini Galu, mwaka wa 1998, ndani ya chumba kisicho na dirisha la nje.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati, na ujuzi wa kompyuta nilioupata kwa kujipenyeza kwenye maabara za idara nyingine. Nilirudi pwani na ubishi mwingi kuliko nguo. Kila nilichoambiwa nilikiuliza kimetoka wapi, nani alikiamua, na kama kingekuwa kinyume ingekuwaje. Siku ya mahojiano nilimuuliza Bwana Kilonzo, meneja wa hoteli iliyoniajiri, kwa nini hoteli isiyo na wageni inataka kurasa kwenye mtandao. Alikuwa Mkamba mrefu, mwenye haraka, shati lake halikunjwi mikono hata kwenye joto la Februari. Alicheka. "Ndiyo maana tunazitaka," alisema. Na kweli, ghasia za mwaka uliotangulia ziliwakimbiza wageni, kisha mvua zikaja zikala barabara, na hoteli nyingi za upande wetu zilikuwa zimepunguza watu. Nilipewa kompyuta moja na kazi mbili: kutengeneza kurasa za kuwavutia Wajerumani, na kuandika kitabu cha hoteli ndani ya kompyuta, chenye vyumba, milo, safari na taratibu zote, ili anayepokea simu asipekue mafaili.

Aliyepokea simu alikuwa Bi. Rukia. Alikuwa haoni tangu utotoni, alisomea kazi ya simu katika shule ya wasioona, na alikuwa ameishika swichibodi ya hoteli ile miaka kumi na tisa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi, kinanukia udi na mafuta ya karafuu, na kidirisha chake cha pekee kilitazama ukumbi wa jikoni, kwa hiyo mazungumzo yake yote na ulimwengu yalipita juu ya ugomvi wa wapishi kuhusu nani kachukua kisu cha nani. Mtandao wa siku zile ulikuwa wa kupiga simu, na simu zote zilipitia kwake, kwa hiyo kila nilipotaka kuingia mtandaoni ilinibidi niende kumwomba laini. Mara ya kwanza nilipiga hodi, nikaingia. "Hodi yako haina jina," alisema bila kugeuka. "Hapa mtu hutaja yeye ni nani na amekuja kwa neno gani, ndipo nijue nimsikilizeje." Nilirudi mlangoni. "Shikamoo, Bi. Rukia. Ni Mejumaa wa kompyuta. Naomba laini." "Marahaba, mwanangu. Haya, mfungulie paka wako alie," akasema, na tangu siku hiyo mlio wa modemu ikitafuta mtandao aliuita paka.

Hakuwa mtakatifu. Alisikiliza simu za watu. Alijua mapenzi ya kila mhudumu kuanzia Tiwi hadi Msambweni, na alitia chai sukari vijiko vinne, akikana viwili. Lakini mwezi wa Machi aliitwa kwa meneja, akarudi, na wapishi walipogombana hakuwatania. Otieno wa mapokezi ndiye aliyenieleza. Mitambo mipya ya simu ilikuwa inakuja, ya kupeleka simu moja kwa moja vyumbani bila mtu kati. Kazi ambayo ingebaki ilikuwa ya kujibu maswali ya wageni kwa kusoma kitabu changu cha kompyuta. Bi. Rukia angejaribiwa, akiweza angebaki, asipoweza kazi ingehamia mapokezi. "Yaani itakuja kwangu," Otieno alisema, na hakuonekana kufurahi. "Si fiti, Mejuu. Huyu mama ndiye aliniwekea begi langu na vyeti vyangu wakati wa zile ghasia, nilipotoroka. Nilirudi nikapata hata soksi zimefuliwa." Kuwezekana kwa jaribio hilo kulitokana na mgeni mmoja Mjerumani, naye asiyeona, aliyezoea kuja kila mwaka. Alikuwa amemwachia Bi. Rukia programu inayosoma kurasa kwa sauti. Ilisema Kiingereza cha puani, na wali wa nazi iliutamka kama jina la mtu mwenye kesi.

Nilikiandaa kitabu kwa majivuno. Lugha ya kuandikia kurasa ina alama zake, tagi, ambazo huzingira maandishi na kuiambia kompyuta kila kipande ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Nilikuwa nimezisoma kanuni zake na kuzidharau. Kwa nini kuwe na tagi ya kichwa, ya mkazo, ya nukuu, ya anwani, ilhali mtu anaweza kukuza herufi, kuzikoleza, kuzisogeza, na kila mwenye macho akaelewa? Kwa hiyo vichwa vyangu havikuwa vichwa, vilikuwa maandishi manene. Orodha zangu zilikuwa mistari yenye vinyota nilivyochora mwenyewe. Ukurasa wote niliufunga ndani ya jedwali lisiloonekana, ili vitu vikae kushoto na kulia kama nilivyotaka. Nyumba moja ya wageni, Mkoma, iliyokuwa inaezuliwa paa, niliiandika kwa rangi nyekundu, na chini kabisa nikaweka kimstari kinachosema kwamba nyekundu maana yake imefungwa. Bwana Kilonzo alipouona ukurasa alipiga mluzi.

Siku ya jaribio la kwanza Bwana Kilonzo alipiga simu kutoka ofisini kwake akijifanya mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi. Rukia. Aliulizwa chakula cha mchana kinaanza saa ngapi, akabonyeza kompyuta aliyowekewa mezani, na mashine ikamsomea majina ya milo yote mitatu kwa mkupuo, kisha saa zote sita, za kuanza na za kumaliza, kwa mkupuo, bila kusema ipi ni ya mlo gani. Alijibu kwa kukumbuka tu, akapatia, kwa sababu saa hizo alizijua kwa miaka. Kisha meneja akaomba chumba cha watu watatu karibu na bahari. Bi. Rukia alisikiliza mashine kwa muda mrefu. Kitabu hakikuwa na kichwa hata kimoja cha kurukia, kwa hiyo ilimbidi apitie habari za bwawa, za kufua nguo, za safari za kwenda kutazama pomboo, na mgeni yuko kwenye simu anapumua. Hatimaye alisema kwa furaha, "Ndiyo bwana, nyumba ya Mkoma ina nafasi." Kisha ikaja sauti ya Bwana Kilonzo, si ya mgeni tena: "Mama, Mkoma haina paa. Imeandikwa kwa rangi nyekundu." Bi. Rukia alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani. "Nyekundu," alisema. Wakubwa wa hoteli wangekuja kutoka Mombasa baada ya wiki mbili, na jaribio la pili lingefanyika mbele yao.

Ningependa kuandika kwamba nilitambua kosa langu palepale. Sikutambua. Nilitoka mle chumbani nikiwa nimeilaumu mashine, nikamlaumu Mjerumani, nikalaumu kanuni, na moyoni nikamlaumu hata yeye. Ijumaa ile alinialika kwake chakula cha mchana, kwa sababu kwake hasira na chakula vilikuwa mambo mawili tofauti. Alipika wali na mchuzi wa papa, na mchicha wa nazi, akizunguka jiko lake kwa wepesi ambao sijauona kwa mtu yeyote mwenye macho. Baada ya kula aliingia chumbani kuswali, nami, kwa kuwa nilikuwa na deni la aibu, niliamua kumsafishia jiko. Makopo yalikuwa na masizi na mafuta. Nyuzi zilizofungwa shingoni zilikuwa nyeusi, zinanata. Nikazikata zote, nikazitupa, nikayaosha makopo mpaka yakang'aa, nikayapanga kwa urefu, dogo kwenda kubwa. Niliporudi nyuma kuyatazama nilijisifu. Kisha yeye akaja kutengeneza chai.

Alinyoosha mkono, akagusa shingo ya kopo la kwanza, la pili, la tatu. Nilimwona akisita, na nadhani ni heshima yake kwa mgeni iliyomfanya asiulize, alikisia tu. Tulikunywa chai ya chumvi. Mimi nilimeza funda moja kwa adabu. Yeye alitema. "Mejumaa! Makopo yangu umeyafanya nini?"

"Nimeyaosha, Bi. Rukia. Nimeyapanga vizuri."

"Nyuzi?"

"Zilikuwa chafu."

Alikaa kwenye kibao, akaanza kucheka mpaka leso ikamdondoka begani. "Fundo moja chumvi, mawili majani, matatu sukari, uzi mnene unga wa ngano, mwembamba unga wa mahindi. Uliosha majina, mwanangu. Sasa makopo yamependeza na hayasemi kitu." Alipangusa machozi. "Chuo kimekufunza kuuliza, hakijakufunza kungoja jibu. Hebu niambie, ule ukurasa wako, ulioupenda hivyo, umeufunga nyuzi gani?"

Nilikuwa nimezoea kuuliza maswali yanayowaumbua wengine, na hili lilinikuta mimi. Jioni ile, kabla ya magharibi, tulifungua makopo yote moja moja, yeye akinusa na kuonja, mimi nikikata uzi mpya na kufunga mafundo kwa amri yake. Jumatatu nilipeleka kiti changu kwenye chumba cha swichibodi, nikaanza kitabu upya.

Siku kumi zile ndizo shule niliyosoma kuliko zote. Kazi ilikwenda hivi: nilimsomea kipande, naye aliuliza, "Hiki ni nini, Mejumaa?" Mwanzoni nilikuwa nikijibu vibaya. "Ni maandishi makubwa." "Sikuulizi ukubwa. Nauliza ni nini." "Ni... ni jina la sehemu inayofuata." "Basi ni kichwa. Kifunge uzi wa kichwa." Jina la hoteli likawa kichwa cha daraja la kwanza, vyumba, milo, safari na taratibu vikawa vya daraja la pili, na chini ya vyumba, majina ya nyumba, Mkoma, Mvinje na Mkwaju, yakawa vichwa vya tatu. Mahali pamoja niliruka kutoka la pili hadi la nne, kwa sababu herufi za la nne zilinipendeza zaidi kwenye kioo. Alisimamisha mashine. "La tatu liko wapi? Nimepitwa na nini?" Hakupitwa na kitu, nilimwambia, ni urembo tu. "Usinipandishe ngazi isiyo na kipandio," alisema, nami nikairekebisha. Orodha zilipokuwa orodha za kweli, mashine ilimwambia kwanza kwamba vitu ni vitano, naye akatandaza vidole vyake vitano mezani na kukunja kimoja kimoja. Maelekezo ya kutoka uwanja wa ndege, kivuko, kisha barabara ya Ukunda, tuliyaweka kwenye orodha yenye namba, kwa kuwa mtu hawezi kufika Ukunda kabla ya kuvuka. Vitu vya chumbani tukaviacha kwenye orodha isiyo na namba, kwa kuwa taulo halitangulii sabuni.

Siku moja alisikiliza aya niliyoiandika kuhusu ufuko wa Galu, akanyanyua nyusi. "Nani kasema?" Sikumwelewa. "Mashine inasema hii ni nukuu. Nani kasema kuwa mchanga wa Galu ni laini kama unga?" Ilikuwa mimi, nilikiri, nilikuwa nimetumia tagi ya nukuu kwa sababu huisogeza aya ndani kidogo, ikapendeza. Aliligeukia dirisha la jikoni. "Enyi wapishi! Kuna mtu humu anajinukuu mwenyewe!" Wakacheka wote, na kwa wiki nzima mpishi mkuu aliponipa sahani alisema, "Mimi, naam mimi, nimesema: huu ni wali."

Lakini jedwali la saa za milo nilitaka kuliondoa, kwa kuwa nilikwisha kuchukia majedwali kama mtu aliyeokoka jana anavyoichukia dansi. Hapo alinikataza. Alitaka kujua jedwali ni kitu gani hasa, nikamweleza: safu wima na safu mlalo, jambo moja linakutana na jingine. "Mlo unakutana na saa," alisema. "Basi hilo ni jedwali kweli. Kosa lako ni kulitumia kama kabati." Nikaliacha, nikatambulisha vichwa vya safu zake, nikaandika kila mlo na saa zake katika mstari mmoja, na safari hii mashine ikasoma chakula cha mchana pamoja na saa zake. Mkoma nikaandika kwa maneno, ndani ya tagi ya mkazo mkali: imefungwa kwa matengenezo ya paa. Rangi niliiacha vilevile. Nayo, pamoja na urembo wote, niliihamishia kwenye faili lake la pembeni, lenye kazi ya sura peke yake. Vivinjari vya wakati ule, yaani programu za kufungulia kurasa, vililielewa nusunusu, na Bwana Kilonzo alipouona ukurasa mpya alikunja uso. "Mbona sasa unafanana na barua ya serikali?" Nilimwomba angoje Ijumaa.

Ijumaa ilifika na wageni wawili kutoka Mombasa, mzee mmoja na mama mmoja mwenye miwani. Waliketi ofisini kwa meneja, simu ikiwa kwenye spika, mimi nikiwa mlangoni, Otieno akiwa nyuma yangu anatafuna kucha. Maswali ya mzee yalikuwa ya kawaida, na majibu yakaja haraka kuliko mzee alivyoyatarajia. Ndipo yule mama akaivuta simu kwake. Hakuwa akijifanya. "Nina mama yangu mzazi," alisema. "Magoti yake mabaya, na ana sukari. Nataka chumba kisicho na ngazi, karibu na pa kula, na nijue atapata chakula saa ngapi, kwa sababu dawa zake haziwezi kungoja." Hatukuwa tumelifanyia mazoezi swali hilo. Kwa mbali tulisikia mashine ikikatwa katikati ya maneno, kichwa, kichwa, kichwa, kama mtu anayepita ukumbini akigusa milango bila kuifungua.

"Bibi, shikamoo ya mama nifikishie kwanza," ilisema sauti ya Bi. Rukia. "Vyumba vya chini vya Mvinje havina ngazi, na mlango wake unatazamana na ukumbi wa chakula. Cha asubuhi kinaanza saa kumi na mbili na nusu, cha mchana saa sita na nusu, cha jioni saa moja. Mkoma nayo haina ngazi, lakini sikupi, imefungwa kwa matengenezo ya paa. Na jikoni tutawaambia kuhusu sukari. Mama anapenda samaki?" Yule mama alivua miwani. "Anapenda," alisema, na akasahau kwamba lilikuwa jaribio, wakazungumza habari za samaki. Otieno alinipiga ngumi ya bega iliyoniuma siku mbili. "Kazi imeniponyoka," alinong'ona, meno yote nje. "Alhamdulillahi na amen."

Bi. Rukia aliishika kazi ile mpaka alipostaafu. Alasiri ile hakushangilia. Alilalamika kwamba hedifoni zinambana masikio. Kisha akaniuliza kama kitabu kimekwisha, nami nikamwambia imebaki tagi moja ambayo sikuwahi kuiona faida yake, ya anwani. Huwekwa chini, kueleza mwenye waraka ni nani na anapatikanaje. "Na hiyo umemwandika nani?" Nilikuwa sijamwandika mtu, nilifikiri kuweka jina la hoteli. "Hoteli haipokei simu," alisema. Nikaandika, na yeye akasikiliza mashine ikilisoma jina lake kwa pua, mara tatu, akiniomba kila mara niirudishe.

Tangu hapo nimefanya kazi hii katika miji mingi, na ubishi wangu haujaisha. Kanuni nyingi nimezihoji, nyingine nimezivunja, na vijana ninaowafunza sasa wananihoji mimi, nami nawapenda kwa hilo. Wakiniletea ukurasa unaopendeza nawauliza swali moja, na wao hudhani ni la kwangu. Sijawaambia kwamba nililipata katika chumba kinachonukia karafuu, kutoka kwa mwanamke aliyeweza kunifukuza kwa haki na badala yake akanipikia papa.

"Shangazi?" Mwanaidi alikuwa bado amesimama na beseni, povu linaisha. Ukumbini walikuwa wamefika kwenye dua. Nilipapasa shingo ya kopo lililokuwa mapajani. Mafundo matatu.

"Yaoshe, mwanangu," nilimwambia. "Nyuzi usizikate. Na hili niachie mimi, nikawatilie watu chai."